Tusiisubiri PET ndipo tuanze kuuliza maswali yetu

Neno nyuklia likitajwa Uganda siku hizi, mawazo ya watu hukimbilia Buyende, upande wa Ziwa Kyoga, ambako serikali inapanga kujenga kinu cha kuzalisha umeme. Hapo mjadala hunoga: nani atajenga, nani atalipa, taka zitatupwa wapi. Huku kwenye kilima cha Mulago jijini Kampala, ilipo hospitali kuu ya rufaa ya taifa, nyuklia ya aina nyingine iko kazini bila makelele. Mtu hudungwa dawa yenye mionzi kidogo asubuhi, hupigwa picha mchana, na jioni yumo ndani ya teksi ya kurudi Mukono kama abiria mwingine yeyote. Si jambo la jana. Uganda ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, mwaka 1967, mwaka uleule ilipoanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda kilimani hapo.

Wanaofuatilia mambo ya saratani wana hamu yao, nayo ni PET. Hii ni mashine inayoonyesha mahali seli zinapokula sukari kwa pupa. Mgonjwa hudungwa sukari iliyofungwa florini-18, florini yenye mionzi, akalala kimya kama saa moja, kisha mashine inatafuta sukari imerundikana wapi. Saratani nyingi hula sukari kuliko nyama ya kawaida ya mwili. Mjerumani Otto Warburg aliliona hilo tangu miaka ya 1920. Nairobi wanayo. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilianza mwaka 2018, ikiwa na saiklotroni yake ya kutengenezea dawa, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata. Mganda mwenye uwezo huenda huko, au India. Asiye na uwezo hubaki na CT, ultrasaundi na makisio ya daktari.

Hamu hiyo naielewa na siipingi. Ninachokipinga ni namna tulivyoigeuza kuwa sababu ya kukaa. Ukiuliza habari ya utafiti wa picha za saratani nchini, jibu hurudi lilelile: tukipata PET. Kana kwamba maswali nayo yamo ndani ya kreti pamoja na mashine.

Na Mulago, kati ya hospitali zote, haina haki ya kusema hivyo. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji aliyetoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa wodini kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Mwaka uliofuata akauandika uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu la Ford wakashika njia ya kusini hadi Johannesburg, safari ya wiki 10 na takriban kilomita 16,000, wakisimama hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza: nyie mmewahi kuuona huu? Vifaa vyao vilikuwa picha za watoto na ramani. Katika ramani ile ukaonekana ukanda unaofuata joto na mvua, na baadaye watu wakaanza kuuhusisha na malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, akawa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege toka Entebbe. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester badala ya London. Kipande kilipomfikia Epstein, maji yake nayo yalikuwa yameingia ukungu. Mtu mwingine angesema yameoza akayamwaga. Yeye aliweka tone chini ya hadubini, akakuta si vijidudu bali seli za uvimbe zimejitenga na zinaelea, hai. Seli hizo ndizo zilizokubali kukuzwa maabara, na mwaka 1964 kikatangazwa kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ndege ile ilichelewa na faida ikapatikana. Katika tiba ya nyuklia mambo ni kinyume kabisa, na hapa ndipo ningependa wanaopanga bajeti wakae kidogo.

Kazi kubwa ya tiba ya nyuklia duniani hubebwa na teknetiamu-99m, kemikali yenye mionzi. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo hakuna stoo ya kuiweka. Kinachosafirishwa ni mzazi wake, molibdeni-99, ambayo hupungua nusu kila saa 66. Molibdeni hiyo hutengenezwa katika vinu vichache tu, vikiwemo Petten Uholanzi, Mol Ubelgiji, Australia, na hapa Afrika SAFARI-1 kilichopo Pelindaba karibu na Pretoria, ambacho kimekuwa kikifanya kazi tangu 1965. Hufungwa ndani ya jenereta, chombo kizito chenye kuta za madini ya risasi, ukubwa wa ndoo hivi. Kila asubuhi mtaalamu huchomeka kichupa cha maji ya chumvi upande mmoja na kichupa kilichotolewa hewa upande wa pili. Maji yanavutwa, yanapita, yanaichukua teknetiamu iliyozaliwa usiku kucha na kuiacha molibdeni palepale. Wenye kazi hukiita ng'ombe, kwa sababu hukamuliwa leo na kesho kina maziwa tena. Mtu wa Mbarara, nchi ya wafugaji, hahitaji maelezo zaidi, ila moja: ng'ombe huyu hukauka kwa ratiba. Baada ya wiki moja amebaki na kama asilimia 17 ya alichoanza nacho.

Sasa tuseme mzigo umetua Entebbe Ijumaa jioni, karatasi moja ikakosa muhuri, ukalala hadi Jumatatu asubuhi. Hizo ni saa 60. Karibu nusu ya nguvu imeyeyuka na hospitali imelipia yote. Hakuna aliyeiba, hakuna kilichovunjika, mkaguzi wa hesabu hataona pengo lolote. Lakini wagonjwa waliopangwa Alhamisi na Ijumaa watarudishwa nyumbani. Kwa dawa ya malaria, siku tatu za kukaa bandarini ni kero. Kwa molibdeni ni hasara isiyorudi.

Florini-18 ya PET ni mbaya zaidi: hupungua nusu kila dakika 110. Watu huniuliza kwa nini tusinunue dawa Nairobi ikaja kwa ndege, na swali si la kipuuzi. Hesabu basi. Dawa iwe tayari, ipimwe ubora, ifike uwanja wa Jomo Kenyatta, iruke kama saa moja, ishuke Entebbe, ikaguliwe, ipite barabara ya kulipia hadi Busega, izunguke na Northern Bypass mpaka Kalerwe, ipande Mulago. Ukiyamaliza hayo ndani ya saa 4 umefanya kazi nzuri sana, na mkononi una kama asilimia 22. Inawezekana, nchi nyingine hununua nyingi mwanzoni ili kidogo kifike. Lakini mpango mzima unasimama juu ya sharti kwamba ndege isichelewe na Kalerwe isizibe. Kalerwe mimi naijua.

Ndiyo maana nasema mashine ndiyo sehemu rahisi. Tulishaonywa. Mashine ya kobalti iliyokuwa Mulago tangu 1995, ya pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliharibika kabisa mwaka 2016. Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kutibu wagonjwa 400. Wengine wakauza ng'ombe wa kweli wakajilipia, na wengine wakakaa nyumbani. Mashine mpya, Bhabhatron ya India, ilizinduliwa Januari 2018. Kisa hicho husimuliwa kama habari ya chuma kilichochakaa. Mimi huona habari ya chumba. Mashine nyingine ilikuwa inaweza kupatikana, lakini huwezi kuifunga mashine ya mionzi bila kuta nene za zege za kuwakinga walio nje, na kuta ndizo hazikuwapo.

Turudi kwenye maswali, maana hapo ndipo penye utajiri.

Kanuni za kusoma picha za PET ziliandikwa kwa kuwatazama wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Chukua limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu. Huko hupigwa PET baada ya mizunguko miwili ya dawa, mng'ao wa tezi ukalinganishwa na mng'ao wa ini, mgonjwa akapewa alama kati ya 1 na 5 katika kipimo cha Deauville, na alama hiyo ikaamua kama dawa zipunguzwe au ziongezwe. Kinapendeza. Mlete sasa kijana wa Kampala mwenye VVU, aliyemaliza dawa za kifua kikuu mwaka jana, ana mitoki shingoni na kwapani. Seli za kinga zinazopambana na kifua kikuu nazo hula sukari kwa pupa. VVU vyenyewe huamsha tezi. Picha itawaka kila mahali, na kitabu hakimwambii daktari ni mng'ao upi wa kuogopa. Tayari bila PET tunalo tatizo hilo kwa sura nyingine: madaktari wa limfoma barani hapa wanawafahamu vizuri wagonjwa waliopewa dawa za TB miezi kadhaa, uvimbe ukikua, kabla mtu hajafikiria kukata kipande. Tukinunua PET leo bila kazi hiyo, tutakuwa tumenunua njia ya gharama ya kubaki na mashaka yaleyale.

Au chukua saratani ya tezi dume. Rejista ya Saratani ya Kampala, inayohesabu wagonjwa wa kaunti ya Kyadondo, ilimo Kampala, tangu 1954, imeonyesha ugonjwa huu ukipanda miongo kwa miongo, na wazee wengi hufika ukiwa umeshaingia mifupani. Kipimo chao kinafahamika. Saa tatu asubuhi mzee anadungwa teknetiamu iliyoshikanishwa na kemikali inayopenda mfupa. Anaambiwa anywe maji, aende haja ndogo mara kwa mara, asubiri. Saa sita analazwa chali kwenye kitanda chembamba, na kamera ya gama, inayonasa mionzi inayotoka mwilini, inaanza kushuka polepole kutoka utosini hadi vidoleni, dakika 20 hivi.

"Mzee, usitikisike tafadhali."

"Mimi sitikisiki, musawo. Ni mgongo."

Kinachotokea kwenye kioo ni mifupa ya rangi ya kijivu yenye madoa meusi pale mfupa unapojijenga upya kwa kasi. Saratani hufanya hivyo. Lakini baridi yabisi hufanya hivyo pia, na mfupa uliovunjika ukaunga huweza kubaki na doa mwaka mzima au zaidi. Na huu ni mji wa boda boda. Mbavu za wanaume wa Kampala zina historia. Msomaji mzoefu huangalia mpangilio: mbavu tatu au nne zilizofuatana, doa chini ya doa kwenye mstari mmoja, huelekea kuwa ajali, madoa yaliyotawanyika kwenye uti wa mgongo na nyonga ni habari nyingine. Mzoefu huyo amejifunza kwa miaka, kichwani mwake. Utafiti wa kuandika jambo hilo kwa wagonjwa wa hapa, picha mia kadhaa zikilinganishwa na yaliyowapata wagonjwa baadaye, hauhitaji shilingi ya mashine mpya. Unahitaji faili zisipotee, na kila picha iunganishwe na jina lililoko kwenye rejista.

Hatua inayofuata nayo haidai saiklotroni. Seli za saratani ya tezi dume hubeba kwa wingi protini iitwayo PSMA, na miaka kumi na kitu iliyopita watafiti walijifunza kutengeneza dawa inayoishika protini hiyo. Ulaya huifunga na galiamu-68 wakaitazama kwa PET. Galiamu-68 hupungua nusu ndani ya dakika 68, ila hukamuliwa kutoka kwenye jenereta kama ile ya teknetiamu, na mzazi wake, gerimaniamu-68, huchukua siku 271 kupungua nusu. Jenereta moja hutumika karibu mwaka. Kwa nchi iliyo mbali na vinu hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Kuna linalotufaa zaidi: watafiti wa Mexico waliandika mwaka 2017 kuhusu PSMA iliyofungwa na teknetiamu, inayotazamwa kwa kamera ya gama ya kawaida. Yaani kamera ya aina tuliyonayo.

Wakosoaji watasema kamera ya gama haioni vipande vidogo sana vya saratani kama PET, na ni kweli. Mgonjwa wa Munich hupigwa picha kwa sababu PSA yake, kipimo cha damu cha tezi dume, imepanda kidogo miaka mitatu baada ya upasuaji. Doa linalotafutwa ni la milimita. Mzee wetu anafika PSA ikiwa mamia, mgongo unamuuma na miguu imeanza kufa ganzi. Je, kwake tofauti kati ya mashine hizi mbili bado ina maana yoyote katika uamuzi wa matibabu? Sina jibu, nina dhana tu kwamba tofauti hupungua sana. Lakini swali hilo Munich haiwezi kulijibu hata ikitaka, kwa kukosa wagonjwa wa namna hiyo. Kampala inao kila wiki.

Na atakayesema nchi za Afrika hufuata tu njia iliyolimwa, atazame Pretoria. Mwaka 2019 Mike Sathekge na wenzake walichapisha matokeo ya wanaume 17 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa, waliotibiwa kwa dawa ya PSMA iliyofungwa na aktiniamu-225, ambayo mionzi yake huua seli za saratani. Kwingineko dawa hiyo ilikuwa ikitolewa mwishoni kabisa, kila kitu kikishashindwa. Wagonjwa wa Pretoria walikuwa hawajapata kemotherapi. Kati ya 17, PSA ya 14 ilishuka kwa asilimia 90 au zaidi, adha kubwa ikiwa ni kukauka mdomo. Ni kikundi kidogo, hakikulinganishwa na kingine, na hakuna anayepaswa kuapa kwa matokeo hayo. Ila dunia iliyasoma, kwa sababu swali lilitoka kwenye hali halisi ya wagonjwa wa pale. Pretoria wana kinu jirani na miaka mingi ya kusomesha watu, nakubali. Sisemi tuwe Pretoria kesho.

Nina swali moja zaidi ambalo sijaona likipewa uzito linaostahili, nalo halina mvuto wa mikutano. Iodini-131 imetibu saratani ya tezi ya thairoidi kwa zaidi ya miaka 70. Mgonjwa humeza dozi, hutengwa hospitali siku chache, kisha huruhusiwa na karatasi ya masharti: lala chumba chako peke yako, tumia choo chako, kaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa. Iodini hiyo hupungua nusu kila siku 8, na nyingi hutoka kwa mkojo. Sasa shuka bondeni Katanga, mtaa wa mabanda ulio hatua chache kutoka wodini. Mama anaishi kwenye muzigo, chumba kimoja chenye pazia katikati, watoto wanne, choo cha shimo cha kaya nane chenye kufuli inayozunguka mikononi. Masharti yale yaliandikwa kwa nyumba yenye vyumba vitatu na vyoo viwili. Mpe karatasi hiyo akiwa na heshima zake zote atasema, "Sawa, daktari," na atarudi kulala na mtoto wake wa mwisho kwa kuwa hakuna kitanda kingine.

Je, watoto wale hupata mionzi kiasi gani? Pengine kidogo sana, na tunawatisha watu bure. Pengine si kidogo, na mama huyo alipaswa kubaki wodini siku tatu zaidi. Kujua kunataka vipimio vidogo vya mionzi vya kuvaa shingoni, mtaalamu wa fizikia ya tiba, na ridhaa ya familia kadhaa. Majibu yake yangetumika Kampala, Kinshasa, Kibera na Mumbai. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 2008 ilitupa Baraza la kusimamia mionzi; kanuni zinazotokana na vipimo vya nyumba zetu zingekuwa na nguvu kuliko zile zilizonakiliwa.

Kikwazo cha kweli ni watu. Mfamasia anayejua kuandaa dawa za mionzi, mtaalamu wa fizikia, fundi wa kamera, daktari wa kusoma picha: hawa husomeshwa miaka, mara nyingi nje ya nchi, na wakirudi wakakuta jenereta haijaja mwezi wa pili huu, huondoka. Siwalaumu. Februari 2022 IAEA ilizindua mpango wake wa Rays of Hope kule Addis Ababa, kusaidia nchi zisizo na huduma za kutosha za saratani, na misaada ya namna hiyo hupenda kuhesabika kwa mashine, kwa kuwa mashine hukatiwa utepe. Mshahara wa mfamasia hauna utepe. Ningekuwa mezani, ningeomba mishahara kumi kabla ya saiklotroni moja, na ningeomba jenereta ije kila wiki au kila wiki mbili, bila kukosa, kwa miaka mitano.

Na ombi dogo kuliko yote, la kuanzia mwezi ujao: mzigo wa mionzi kwa hospitali ya umma upewe kibali cha mwaka mzima badala ya kuombewa upya kila unapotua, na Entebbe awepo mtu mwenye mamlaka ya kuusaini Jumamosi. Jumapili pia, maana vinu vya Ulaya havijui siku ya kanisa.